Utafiti wa Siasa Ukiegemea Upande: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Hitilafu zilizokusanywa hapa ndizo zinazojirudia katika tasnifu, ripoti na rasimu za makala kuhusu siasa za Mombasa na Pwani kwa jumla. Wanaozileta ni wanafunzi wa uzamili, watafiti wa mashirika yasiyo ya serikali, na mara nyingine wasimamizi wanaoona kazi ya mwanafunzi inanuka chama lakini hawajui waanzie wapi kumwambia. Zimepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na sababu iliyotajwa kwanza kwa kuwa ndiyo inayopatikana mara nyingi, na usirukie tiba nzito kabla ya ukaguzi mwepesi.

Kuwa na msimamo wa kisiasa si hitilafu. Aliyezaliwa Likoni akakulia katika mazungumzo ya ardhi na hatimiliki hataandika juu ya ardhi kama mtu asiye na kwao, wala hana haja ya kujifanya hivyo. Hitilafu huanza pale njia yake ya utafiti inapokosa uwezo wa kumwambia kwamba amekosea. Hilo ndilo linalotafutwa katika kila dalili hapa chini.

## Kabla ya yote, geuza matokeo

Ukaguzi huu unahitaji kalamu na karatasi tu. Mwanasaikolojia wa siasa Philip Tetlock aliupendekeza mwaka 1994: yachukue matokeo yako, yageuze upande, halafu ujiulize kama ungeikubali njia ileile.

Tuseme umewahoji watu 40 wa Mvita, wengi wao wakasema huduma za afya zimekuwa bora tangu ugatuzi, nawe ukaandika kwamba ugatuzi umefaulu. Sasa wafikirie watu haohao 40, waliopatikana kwa njia ileile, wakisema huduma zimezorota. Je, ungeandika kwamba ugatuzi umeshindwa? Au ungeanza kusema sampuli ni ndogo, Mvita haiwakilishi kaunti nzima, na watu huchanganya kazi za kaunti na za serikali kuu? Ukijikuta unazikumbuka kasoro za sampuli siku matokeo yanapokuudhi tu, umeshaipata hitilafu. Kasoro hizo zilikuwepo tangu mwanzo, na zinafaa kuandikwa kwa matokeo yoyote yale.

Fanya hivyo kwa kila sentensi ya hitimisho. Zinazopita ziache. Zisizopita ziwekee alama, kisha endelea na dalili zinazofuata.

## Dalili ya 1: Kila ulichokusanya kinakubaliana na ulichoamini

Swali lenyewe limeshatoa jibu. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na kwa kazi za wanafunzi huwa ndiyo peke yake. Ukaguzi: andika katika sentensi moja ni matokeo gani yangekufanya useme "nilikosea". Ukishindwa kuiandika, hakuna data itakayokusaidia, badilisha swali.

Chukua mada inayopendwa sana mjini: "Jinsi SGR ilivyoua uchumi wa Mombasa." Hasira iliyo nyuma yake ina msingi. Treni za abiria za SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, zilianza Juni 2017. Mwaka 2019 ilitoka amri ya kulazimisha mizigo ya kwenda bara ipite relini, watu wakaandamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema amri hiyo ilikwenda kinyume cha sheria, na Septemba 2022 serikali mpya ikaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Lakini mada ilivyoandikwa, neno "ilivyoua" limemaliza utafiti kabla haujaanza. Mwenye kuiandika hivyo atakwenda Changamwe na Miritini, atawauliza wenye malori jinsi walivyoumia, nao watamwambia.

Swali linaloweza kushindwa ni hili: mapato ya wenye malori, wafanyakazi wa vituo vya makontena na wauza chakula wa barabarani yalibadilikaje kati ya 2015 na 2022, na je, mabadiliko hayo yalifuata tarehe za amri? Hapa umejipa nafasi ya kukosea. Ukikuta mapato yalianza kushuka kabla ya 2017, au yalishuka kwa nguvu zaidi mwaka 2020 wakati wa korona, na hasa Mei ile Mji wa Kale ulipofungwa, basi reli haiwezi kubebeshwa mzigo wote. Mwaka 2017 nao ulikuwa na kura mbili za urais, Agosti na Oktoba, na kila mfanyabiashara wa Mombasa anajua biashara hufanya nini msimu wa kura. Sababu hizo shindani ziwe ndani ya swali tangu mwanzo. Usingoje mtahini azitaje.

Na kwa haki ileile, anayeandika "Jinsi SGR ilivyofufua utalii wa Pwani" kwa kuhesabu abiria wa treni tu ana hitilafu hiyohiyo. Abiria waliohama kutoka kwenye mabasi si watalii wapya.

Umechagua njia ya uchambuzi baada ya kuona majibu. Mara nyingi hakuna nia mbaya. Unajaribu kuondoa kata moja, kuunganisha makundi mawili ya umri, kuongeza kipimo cha elimu. Matokeo yakipendeza unasimama. Uzito wa jambo hili ulionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ambapo timu 73 zilipewa data ileile na swali lilelile: je, uhamiaji hupunguza watu kuunga mkono sera za ustawi wa jamii? Baadhi ya timu zilipata kwamba hupunguza, nyingine zikapata kinyume chake, na nyingi hazikupata uhusiano wa kueleweka. Data ilikuwa moja. Maamuzi madogomadogo ya wachambuzi ndiyo yaliyotofautiana.

Tiba nyepesi ni kuandika mpango wa uchambuzi kabla ya kwenda uwandani: nani atahojiwa, maswali gani yatatumika kupima nini, utawatoa watu gani kwenye hesabu na kwa nini. Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Uweke tarehe, umpe msimamizi nakala, au uusajili bure kwenye tovuti ya OSF (Open Science Framework), inayohifadhi mipango ya utafiti. Ukilazimika kuuacha mpango, uache, ila uandike mahali ulipouacha. Tiba nzito ni kufanya uchambuzi kwa kila njia inayokubalika kiakili na kuyaonyesha matokeo yote kwenye jedwali moja, yale yanayokuudhi yakiwemo.

Wanaofanya mahojiano ya kina husema mpango wa namna hii ni wa watu wa takwimu. Nawapinga. Ukiandika mapema kwamba utawahoji mawakala wa vyama vyote vikubwa katika Kisauni, halafu ukawahoji wa chama kimoja, msomaji ana haki ya kujua.

Matokeo yasiyopendeza yamefungiwa kabatini. Utafiti wa mwaka 2014 ulizifuatilia tafiti 221 za sayansi ya jamii ambazo zote zilijulikana kuwa zimefanyika. Zilizopata matokeo yenye nguvu zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchapishwa, kwa pointi 40 za asilimia, kuliko zilizokosa uhusiano wowote. Na nyingi za hizo za pili hazikuandikwa kabisa. Pitia daftari lako uone ni maswali mangapi ya hojaji hayajatajwa popote katika ripoti. Yaorodheshe kwenye kiambatisho na majibu yake.

Data imetungwa. Ni nadra, lakini ipo. Dalili zake: hojaji inayochukua dakika 40 imejazwa kwa dakika saba, hakuna hata mtu mmoja aliyekataa kuhojiwa, majibu ya nyumba kumi yanafanana herufi kwa herufi. Matokeo tunayoyatamani ndiyo tunayoyakagua kidogo. Mwaka 2015 jarida la Science liliiondoa makala iliyosifiwa sana kuhusu jinsi mazungumzo mafupi ya mlangoni yanavyobadilisha misimamo ya wapigakura. Watafiti wengine walijaribu kuufuata mfano wake wakakuta data haiwezi kuwa ya kweli.

*Simama hapa.* Usizifute hojaji unazozishuku wala usimhoji msaidizi wako peke yako. Hifadhi faili zilivyo, mpelekee msimamizi na kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi yako.

## Dalili ya 2: Wahojiwa wote wanasema lilelile

Hii ndiyo dalili inayowapumbaza watafiti wengi wa Mombasa, kwa sababu huonekana kama ushindi. Mahojiano 30, sauti moja, na mtafiti anaandika kwamba "jamii inaamini". Mji huu haujawahi kuwa na sauti moja juu ya jambo lolote la siasa.

Umeingilia mlango mmoja. Ulifika kwa mzee wa mtaa, yeye akakupa majina matano, kila jina likakupa mengine. Au ulipitia kikundi cha vijana kinachofadhiliwa na shirika fulani, au ofisi ya mheshimiwa. Ukaguzi: katika daftari la mahojiano ongeza safu moja, "nilimfikiaje mtu huyu". Chora mistari kutoka kwa kila mhojiwa hadi kwa aliyekutambulisha. Mistari mingi ikiishia kwa mtu mmoja, umemhoji mtu huyo mara nyingi.

Tafuta milango isiyosalimiana: mzee wa mtaa, chama cha akina mama, chama cha wapangaji, msikiti na kanisa, wakala wa chama tawala na wa upinzani. Angalia na saa. Ukikaa barazani baada ya alasiri utapata wanaume wenye nafasi, na wengi wao wanajuana tangu utotoni. Ukigonga milango saa nne asubuhi utamkosa kuli wa bandarini, mfanyakazi wa hoteli ya Nyali, na anayevuka feri ya Likoni alfajiri akarudi usiku. Mama anayeuza Kongowea ana dakika chache tu kati ya wateja. Mwulize siku na saa inayomfaa. Mkono wa mtafiti wa kike katika nyumba ambazo mwanamume hakaribishwi ndani hauna kibadala.

Kama unataka kusema jambo juu ya kaunti nzima, shuka hadi kwenye kata. Mombasa ina maeneo bunge sita na kata 30. Zichague kata kwa bahati nasibu, ndani ya kata chagua mahali pa kuanzia na nyumba ya ngapi utagonga, na ndani ya nyumba piga kura ya karatasi miongoni mwa watu wazima. Usimchukue aliyefungua mlango. Anayefungua mlango huwa ni mtu wa aina fulani.

Swali linaelekeza. "Je, unakubali kwamba serikali imewatelekeza Wapwani?" Watu wengi hukubali, kwa adabu ya mgeni na kwa uzoefu pia, na wangekubali vilevile kama ungeuliza kinyume chake. Weka kauli mbili zenye uzito sawa uulize ipi iko karibu zaidi na maoni yake. Afrobarometer, wanaopima maoni ya Waafrika tangu 1999, huuliza maswali mengi kwa mtindo huo. Ukiwa na sampuli ya kutosha, nusu ya watu wapewe maneno ya aina moja na nusu ya pili maneno mengine, kwa bahati nasibu. Majibu yakitofautiana sana, tofauti hiyo imetoka kwenye kalamu yako.

Njia rahisi zaidi ya kuikagua hojaji ni kumpa mtu mwenye siasa tofauti na yako aisome kabla haijapigwa chapa, umwambie atie duara kila swali linalomfanya ahisi anasukumwa. Hupati ukaguzi wa bei nafuu kuliko huo, na karibu hakuna anayeufanya.

Jibu linamfuata anayeuliza. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia data ya Afrobarometer kutoka nchi 14 ulionyesha kwamba watu huwajibu tofauti wahoji wa kabila lao na wasio wa kabila lao, hasa kwenye maswali ya kikabila na kisiasa. Hapa kwetu jina la pili, lafudhi, kanzu au buibui vinatosha kumweka mhoji upande fulani kabla hajafungua daftari. Ukaguzi: pata wastani wa majibu kwa kila mkusanyaji data. Kama wa Kisauni aliyehojiwa na fulani ana hasira na jirani yake aliyehojiwa na mwingine hana, umepima wahoji. Tiba ni kuwagawa wakusanyaji kwa bahati nasibu badala ya kila mtu kupelekwa mtaani kwao, na kuandika sifa zao ili ziingie kwenye uchambuzi.

Hofu. Nimeiweka ya mwisho kwa idadi, lakini kwa uzito ni ya kwanza. Watu wa Likoni waliokuwa watu wazima Agosti 1997, kituo cha polisi kiliposhambuliwa na msako ukafuata, wanajua jina likiandikwa mahali laweza kufika wapi. Vijana wa Majengo wana sababu zao za karibu zaidi. Hojaji za Afrobarometer humalizia kwa kumwuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyemtuma mhoji. Swali hilo liweke na kwenye hojaji yako. Wengi wakijibu "serikali", majibu yao mengine yasome kwa kujua hivyo.

Mzee anayekuitikia marahaba, akakukaribisha kahawa tungu, halafu akakwambia "mwanangu, mambo ya siasa tumeshayaacha", amekujibu. Andika kwamba amekataa. Kumwandika kama "hajali siasa" ni kumsingizia, na rekodi kumi za aina hiyo hutosha kutengeneza hitimisho la uongo juu ya kizazi kizima.

Kwa mambo nyeti yenye kuhitaji idadi, kwa mfano kupokea pesa za mgombea, tumia swali la orodha. Wahojiwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. La kwanza linasomewa mambo manne: kusikiliza siasa redioni, kuhudhuria mkutano wa hadhara, kuzungumza siasa na jirani, kugombea kiti. La pili linasomewa hayohayo na la tano: kupokea pesa au unga kutoka kwa mgombea. Kila mtu anataja idadi tu ya aliyoyafanya, hasemi yapi. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.6 na wa la pili 1.9, makadirio ni kwamba asilimia 30 walipokea, na hakuna hata mmoja aliyejifichua. Njia hii inataka mamia ya watu katika kila kundi. Kwa watu 60 itakupa namba isiyo na maana.

*Simama.* Mhojiwa akikutajia jina la mtu aliyepotea, akionyesha woga wa kufuatwa, au mtu asiyemjua akija kuuliza mnazungumza nini, funga daftari. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa ruhusa za utafiti, kinakuruhusu wewe kufanya utafiti, yeye hakimlindi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila, dhamiri na imani ya mtu kuwa data nyeti, kwa hiyo orodha yako ya majina haifai kukaa kwenye simu. Ongea na kamati ya maadili, na kama kuna hatari ya mtu kudhurika, na wakili wa haki za binadamu, kabla hujarudi mtaani.

## Dalili ya 3: Makundi yako yana hukumu ndani yake

Unayapanga maandishi au mahojiano katika makundi, na msomaji wa kwanza wa upande wa pili anakasirika kwenye jedwali la kwanza.

Umerithi majina kutoka kwa mmoja wa washindani. Mfano unaojirudia ni MRC (Mombasa Republican Council), kundi linalodai Pwani ijitenge na Kenya. Serikali ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010 pamoja na makundi mengine mengi, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Mtafiti anayeliandika kila mahali kama "kundi haramu" amechukua lugha ya gazeti la serikali. Anayeliandika kila mahali kama "harakati za ukombozi" amechukua lugha ya wafuasi. Andika linalodai, linalofanya, na hadhi yake kisheria kwa tarehe. Dai la kujitenga ni dai. Mwaka lilipotolewa na hoja yake, kwa mfano makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Kenya na Zanzibar kuhusu ukanda wa maili kumi, vinaweza kuelezwa bila kulipigia debe wala kulizomea. Vivyo hivyo na "wageni", "wenyeji", "maskwota", "wavamizi". Kama mhojiwa ndiye aliyesema, weka alama za nukuu na umtaje kama msemaji.

Maelezo ya makundi hayatoshi. Mpe mtu wa pili maandishi yaleyale na maelezo ya makundi, ayapange bila kuona ya kwako. Tahadhari na asilimia ya makubaliano, hudanganya. Tuseme kila mmoja wenu ameweka kauli 90 katika 100 kwenye kundi la "malalamiko". Kwa kubahatisha tu mngekubaliana mara 82. Mkiwa mmekubaliana mara 84, inaonekana kazi nzuri, ila kipimo cha kappa, kinachoondoa kubahatisha, ni takriban 0.11. Hiyo ni kazi mbovu. Kwa kipimo kingine cha namna hiyo, alpha cha Krippendorff, wengi hutaka 0.80, na chini ya 0.667 hawategemei hitimisho lolote.

Mtu huyo wa pili asiwe rafiki yako wa chama. Mkikubaliana kwa 0.90 huku wote mkiwa wa mrengo mmoja, mmethibitisha mrengo. Mchanganuo ukiendelea kugoma baada ya kuyaandika upya maelezo ya makundi mara mbili, tafuta mtaalamu wa takwimu kabla hujapoteza muhula.

## Dalili ya 4: Takwimu zinatoa tabia ya watu badala ya sababu

"Wapwani hawana hamu ya kura." "Vijana wa Jomvu ni wazembe wa siasa." Sentensi kama hizi huvaa namba ili zionekane za kisayansi.

Angalia kwanza kama unalinganisha vitu vinavyolingana. Mwaka 2022 kura ya ugavana wa Mombasa haikupigwa tarehe 9 Agosti na kura nyingine. Karatasi zilikuwa na makosa, ikaahirishwa hadi 29 Agosti, na Kakamega vilevile. Siku hiyo watu walitoka kupiga kura ya kiti kimoja baada ya urais kutangazwa. Kulinganisha idadi ya waliojitokeza siku ile na ya kaunti zilizopiga kura zote sita siku moja, kisha kuandika juu ya moyo wa Wapwani, ni hesabu mbovu hata kama kila namba ni sahihi.

Kisha angalia kigawanyo. Daftari la wapigakura lina waliokufa na waliohama, na mji wa bandari huwa na wahamaji wengi. Mwisho, usiruke kutoka kwenye kata hadi kwa mtu. Kata yenye wakaazi wengi wa kabila fulani ikiwa na wapigakura wachache, huwezi kusema ni wa kabila hilo waliobaki nyumbani. Huenda ni majirani zao. Kosa hili lilielezwa waziwazi tangu 1950, na bado hupatikana katika ripoti za kila uchaguzi. Data ya mtu mmoja mmoja ndiyo tiba; kama huna, andika juu ya kata na uishie hapo.

## Dalili ya 5: Mapitio ya maandishi yana sauti moja

Ukaguzi wa dakika kumi. Weka alama kwa kila chanzo: kimeandikwa wapi, na kinaunga mkono upande gani wa hoja. Ukikosa hata kazi moja yenye nguvu inayokupinga, hujatafuta. Sababu ya kawaida ni kufuata marejeo ya msimamizi wako tu. Ya pili ni kusoma ya Nairobi na ng'ambo peke yake huku tasnifu za vyuo vya Pwani na kumbukumbu za mahakama zikibaki rafuni. Kwa kila hoja kubwa, andika aya moja ya upande wa pili kwa namna ambayo mwenyewe akiisoma atasema, "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema."

## Dalili ya 6: Mwenye pesa ameshajua jibu

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hadidu za rejea zikisema "kuonyesha mafanikio ya mradi wa amani", soma neno "kuonyesha" mara mbili. Omba kabla ya kutia saini kwamba liwe "kutathmini", na kwamba una haki ya kuchapisha matokeo yote. Wafadhili wengi hukubali wakiombwa mapema kwa heshima. Mfadhili utamtaja katika ukurasa wa kwanza, pamoja na kazi yoyote uliyowahi kukifanyia chama au mgombea.

*Simama* ukiombwa kuondoa matokeo baada ya kuyaona. Jibu kwa maandishi, peleka suala kwa ofisi ya utafiti ya chuo, na kama mkataba unakutisha, mwonyeshe wakili.

## Dalili ya 7: Umesawazisha mpaka hakuna unalosema

Wanaoogopa kuitwa wanaharakati huangukia huku. Kila aya inaanza na "wengine wanasema" na kuishia na "hata hivyo wengine wanapinga". Msomaji anamaliza kurasa 80 bila kujua kilichopatikana. Huu nao ni upendeleo, kwa kuwa unaipa hoja dhaifu kimo sawa na hoja iliyothibitishwa, na kwa kawaida anayefaidika ni mwenye nguvu.

Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya umiliki, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kikoloni; madai ya pamoja ya jamii za Mijikenda hayakupewa nafasi. Hayo yamo kwenye sheria na kumbukumbu. Usiandike "baadhi ya Wapwani wanahisi kwamba walinyang'anywa" pale ambapo hati zinaonyesha utaratibu wenyewe ulivyowaacha nje. Andika kilichotokea kwa nguvu yake yote. Kinachobishaniwa, kama vile nani alipwe leo, na aliyenunua kwa nia njema miaka 40 iliyopita ana haki gani, kiwekee "huenda" zake na sababu zake. Pita katika kila "wengine wanasema" ujiulize ni kina nani, na wana ushahidi gani. Isiyokuwa na jibu ifute.

Rasimu ikishapita hapa, mpe mtaalamu mmoja ambaye kisiasa hamwelewani. Mlipe kama unaweza, maana ni kazi. Mwombe akosoe njia, si hitimisho: swali gani lilielekeza, nani hakuhojiwa, sababu gani shindani haikupimwa. Daniel Kahneman aliisukuma kazi ya namna hiyo mbele zaidi, wapinzani wawili wakikubaliana kabla ya utafiti ni ushahidi gani utakaoamua kati yao, kisha wakaukusanya pamoja. Ukimpata mwenzako wa kukubali hivyo, fanyeni. Usipompata, maoni ya mkosoaji wako yachapishe kwenye kiambatisho kama alivyoyaandika, na chini ya kila hoja eleza ulichobadilisha, au kwa nini hukubadilisha.